Kompyuta ina MB 4, mbona DOS inasema memori haitoshi?

Siku hizi vijana wengi wanafufua programu za DOS, ule mfumo wa kuendesha kompyuta kwa kuandika amri uliotumika kabla ya Windows. Mmoja anataka kucheza michezo ya miaka ya 1990 aliyosimuliwa na kaka zake, mwingine ana hesabu za zamani za ofisi zilizotunzwa kwa dBase, programu ya kutunza kumbukumbu, mwingine ameikuta kompyuta ya 386 stoo, ameifuta vumbi na anatamani kuiona ikifanya kazi tena. Wengi wao hukwama palepale. Kompyuta ikiwashwa inahesabu memori yake bila shida, MB 4 au 8 au hata 16, halafu programu inayodai KB 580 tu inagoma na kuandika Program too big to fit in memory.

Ushauri unaomiminika hapo ni uleule: ongeza RAM, futa mafaili, hiyo ni virusi, piga fomati uanze upya. Hakuna hata mmoja unaotibu tatizo hili. Huo wa kuongeza RAM ndio unaoniuma zaidi, kwa sababu mtu anatoa hela yake, anarudi nyumbani, anawasha, anakutana na ujumbe uleule. Kwenye DOS, kabla hujauliza memori ni kiasi gani, uliza iko wapi. Ukishalielewa hilo, utatuzi wote uliobaki unakuwa kazi ya subira tu.

Tuanze na maneno. Kwenye simu tumezoea kusema memori imejaa tukiwa na maana kwamba picha na video zimemaliza nafasi ya kuhifadhi. DOS ikisema memori inamaanisha RAM peke yake, yaani mahali ambapo programu inakaa wakati inafanya kazi na ambapo kila kitu kinapotea umeme ukikatika. Diski ni habari nyingine. Unaweza kufuta nusu ya diski na memori isiongezeke hata kidogo. KB moja ni baiti 1,024, na MB moja ni KB 1,024. Neno la mwisho ni draiva: programu ndogo inayoiwezesha DOS kutumia kifaa fulani, iwe mausi, CD au kadi ya sauti. Draiva ikishapakiwa inabaki ndani ya memori hadi kompyuta izimwe, na hapo ndipo penye kiini cha ugomvi wote.

Ukuta uliojengwa 1981

IBM ilitoa kompyuta yake ya mezani, IBM PC, Agosti 1981. Prosesa yake ilikuwa Intel 8088, yenye laini 20 za anwani. Laini 20 zinatoa anwani 1,048,576, ambazo ni MB 1 kamili. Prosesa ile haikuwa na njia ya kutaja baiti iliyo nje ya hapo.

Fikiria nyumba ya kupanga yenye vyumba 16, kila chumba KB 64. Jumla ni KB 1,024. Mwenye nyumba, yaani IBM, alitenga vyumba 10 vya mwanzo kwa ajili ya wapangaji: DOS yenyewe, draiva, na programu unayotaka kuitumia. Kumi mara 64 ni 640. Vyumba 6 vya mwisho, KB 384, akajiwekea mwenyewe. Kwa hesabu za kompyuta vyumba vinaitwa 0 hadi 9, kisha A hadi F. A na B ni vya skrini. C kinaanza na programu ya kadi ya skrini. F ni cha BIOS, ile programu iliyochomwa kwenye chipu ambayo ndiyo huiamsha mashine. Katikati hapo, kutoka sehemu ya C mpaka E, mara nyingi pako wazi, pamefungwa tu.

Kwa mwaka 1981 mgao huo ulikuwa wa ukarimu. IBM PC ya bei ya chini kabisa, dola 1,565, ilikuja na KB 16. Kiasi cha 640 kilikuwa mara 40 ya hapo.

Baadaye prosesa zilikua. Intel 80286 ya mwaka 1982, ambayo IBM iliitumia kwenye PC/AT ya 1984, ilifikia MB 16. Ile 80386 ya 1985 ilifikia GB 4. Ila zote mbili zinapowashwa huamka zikijifanya 8088, na DOS huziacha katika hali hiyo. Sababu yake ni ya kibiashara na inaeleweka: watu walikuwa wameshanunua Lotus 1-2-3 ya majedwali na WordPerfect ya kuandikia, na hakuna ambaye angenunua kompyuta mpya isiyoweza kuendesha programu alizozilipia. Kwa hiyo nyuma ya nyumba yetu pakaongezwa kiwanja kikubwa, MB 3 au 15 au zaidi, lakini wapangaji wakabaki bila mlango wa kutokea huko. RAM unayoongeza inaongeza kiwanja. Vyumba vinabaki 10.

Kuna mambo mawili yanayorudiwa sana hapa. La kwanza ni kwamba Bill Gates alisema KB 640 zinamtosha kila mtu. Hakuna kumbukumbu ya kuaminika inayoonyesha akisema hivyo, na mwenyewe amekana. La pili ni kwamba DOS ndiyo iliyoweka ukuta huo. Victor 9000, kompyuta ya wakati uleule iliyotumia prosesa hiyohiyo ya 8088 pamoja na MS-DOS, iliweza kufika KB 896 kwa sababu vyumba vyake vilipangwa tofauti. Ukuta wa 640 ni ramani ya IBM, na kwa kuwa dunia nzima iliiga IBM, ukawa wa kila mtu.

Nani anakaa wapi

Kompyuta ya DOS ikiwaka inasoma mafaili mawili ya maandishi yaliyo mwanzoni mwa diski C. Kwanza CONFIG.SYS, ambalo linapakia draiva na kuweka mipangilio ya mfumo. Kisha AUTOEXEC.BAT, ambalo ni orodha ya amri zinazotekelezwa zenyewe kabla hujagusa kibodi. Kila programu unayoiweka hupenda kuongeza mstari wake humo, bila kujali nani mwingine yumo. Waliosoma kompyuta vyuoni Nairobi, Mombasa au Dar es Salaam enzi hizo wanakumbuka vizuri masomo ya WordPerfect, Lotus na dBase. Mafaili haya mawili aliachiwa fundi, ndiyo maana mpaka leo watu wazima wengi wanayaona ya ajabu.

Kabla ya kugusa chochote, andika amri hii (kwenye DOS 5 acha /P):

MEM /C /P

Itakupa orodha ya kila mpangaji na ukubwa wake. Karibu na mwisho kuna mstari unaoanza na Largest executable program size. Hiyo ndiyo namba ya kulinganisha na madai ya programu yako. Ile jumla kubwa ya juu, yenye MB 4 au 8, ndiyo inayowapotosha watu.

Tuchukue mfano wa mashine ya kawaida ya mwaka 1993. DOS imechukua karibu KB 62, COMMAND.COM, inayopokea amri unazoandika, 5, HIMEM.SYS 1, draiva ya CD 12, MSCDEX, inayoiwezesha DOS kusoma CD, 36, mausi 17, na SMARTDRV, ambayo huharakisha usomaji wa diski, 27. Jumla KB 160. Toa kwenye 640, zimebaki 480. Programu inataka 580. Mashine ina MB 4, na bado inapungukiwa KB 100. Hakuna kilichoharibika na hakuna kirusi. Wapangaji wadogo wamejaza vyumba.

Dawa inakuja na DOS 5, iliyotoka Juni 1991. DR DOS 5 ya Digital Research ilitangulia kuonyesha njia hiyo mwaka 1990, na ni haki kuitaja. CONFIG.SYS iliyopangwa vizuri inaanza hivi:

DEVICE=C:\DOS\HIMEM.SYS
DEVICE=C:\DOS\EMM386.EXE NOEMS
DOS=HIGH,UMB
FILES=30
BUFFERS=20
DEVICEHIGH=C:\CD\CDROM.SYS /D:MSCD001

HIMEM.SYS ndiyo yenye ufunguo wa kiwanja cha nyuma, na lazima iwe juu ya EMM386. Ukizigeuza, EMM386 inakataa kupakiwa. Pamoja na hilo HIMEM inafanya jambo moja la ziada. Prosesa hizi hukokotoa anwani kwa kujumlisha namba mbili, na namba kubwa kabisa inayopatikana hupita MB 1 kwa baiti 65,520. Kwenye 8088 anwani hizo za ziada ziligeuka na kurudi mwanzo wa chumba 0, kwa kuwa laini ya kuzibeba haikuwepo. Kuanzia 286 laini hiyo ipo, inaitwa A20, na IBM iliiwekea lango ili programu za zamani zilizozoea ule mgeuko zisichanganyikiwe. HIMEM hufungua lango, na nyuma ya nyumba kinapatikana chumba kimoja cha takriban KB 64 ambacho mtu anaweza kukifikia bila kutoka nje. Mstari wa DOS=HIGH unaihamishia DOS huko. Kwa hatua hiyo moja, zile KB 62 zinashuka hadi kama 17.

EMM386 inafanya kazi kuanzia prosesa ya 386 tu. Mwenye 286 asiihangaikie. Inaweka RAM halisi katika vile vyumba vya mwenye nyumba vilivyokuwa vitupu, kisha UMB (ndilo jina la nafasi hizo), DEVICEHIGH na, ndani ya AUTOEXEC.BAT, LH zinahamishia huko draiva ndogondogo:

LH C:\DOS\MSCDEX.EXE /D:MSCD001
LH C:\MOUSE\MOUSE.COM
LH C:\DOS\SMARTDRV.EXE
SET BLASTER=A220 I5 D1

Rudi kwenye mfano wetu. Vyumbani chini wamebaki DOS 17, COMMAND.COM 5, HIMEM 1 na EMM386 yenyewe 3. Hizo ni 26, na nafasi iliyobaki ni KB 614. Programu inawaka. Hatukuongeza hata baiti moja ya RAM, wala hatukuondoa CD wala mausi.

Ile NOEMS, yaani bila EMS, nayo ina maana yake, na wengi huinakili bila kujua wanachokipata na wanachokipoteza. Kabla ya DOS 5 kulikuwa na njia nyingine ya kuuvuka ukuta. Mwaka 1985 Lotus, Intel na Microsoft walikubaliana juu ya EMS: dirisha la KB 64 linafunguliwa katika vyumba vya mwenye nyumba, na kupitia hapo programu inaletewa vipande vya KB 16 kutoka katika hifadhi kubwa, kipande kimoja baada ya kingine. Lotus walikuwa na sababu nzuri ya kulitaka jambo hilo, kwani wateja wao walikuwa na majedwali yasiyoenea kwenye 640. XMS ilikuja 1988 kwa ajili ya mashine mpya zaidi, na inatumia kile kiwanja moja kwa moja kupitia HIMEM.

Programu inayotaka EMS haitaridhika na XMS, hata uwe na MB 16. Ukibadilisha NOEMS kuwa RAM, unapata EMS, lakini dirisha lake linakula KB 64. Kwenye mashine ya kawaida nafasi ambayo EMM386 huipata ndani ya vyumba C na D ni kama KB 96. Draiva zetu zinahitaji 92, zinatosha kwa kubanana. Fungua dirisha, zinabaki KB 32, na draiva zilizokosa nafasi zinarudi chini bila kukuambia chochote. Mtu anaona namba imeshuka ghafla baada ya kubadilisha neno moja na anafikiri kompyuta imeharibika.

Kuna pia programu zilizokataa kabisa kukaa na EMM386. Mchezo wa Ultima VII wa mwaka 1992 ulikuja na msimamizi wake wa memori, na ukimkuta EMM386 amewahi, haufanyi kazi. Doom ya 1993 ilichukua njia safi zaidi: ilikuja na DOS/4GW, ambayo huiondoa prosesa katika ile hali ya kujifanya 8088 na kuitumia memori yote, ndiyo maana ilihitaji MB 4 na haikujali sana umepangaje vyumba vyako. Kwa maoni yangu huo ndio ulikuwa mwanzo halisi wa mwisho wa ukuta, hata kabla Windows 95 haijafika.

Kwa kuwa hakuna mpangilio mmoja unaofaa kila programu, DOS 6 ya Machi 1993 iliruhusu menyu ndani ya CONFIG.SYS. Unaandika mpangilio wa EMS, mwingine wa XMS na mwingine mtupu, kisha unachagua kompyuta inapowaka. Mwenye DOS 5 anatumia flopi. Weka flopi, andika FORMAT A: /S, kisha uiwekee CONFIG.SYS na AUTOEXEC.BAT zake zenye vitu muhimu tu. Ukiiwashia kompyuta kwa flopi hiyo, mpangilio wa diski kuu haujaguswa.

DOS 6 ilileta pia MEMMAKER, ambayo inajaribu mipangilio mingi peke yake na kuwasha upya mashine. Itumie kama unaanza, lakini isome kazi yake baada ya kumaliza. Mimi naamini zaidi mkono wa mtu anayejua kwa nini kila mstari upo.

Kuhusu mkono huo, mambo machache. Nakili mafaili yote mawili kwanza, mfano COPY CONFIG.SYS CONFIG.OK. Usifute mstari unaoushuku, tanguliza REM mbele yake ili DOS iuruke. Badilisha kitu kimoja, washa upya, tazama MEM, ndipo uende kwenye kingine. Kama umeandika jambo likafanya mashine igande ikiwaka, DOS 6 ina F5 ya kuruka mafaili yote mawili na F8 ya kuuliza mstari kwa mstari. Unabonyeza mara tu maneno Starting MS-DOS yanapotokea. F8 ni mwalimu mzuri kuliko kitabu, kwa kuwa unaiona draiva yenye kosa ikigoma mbele ya macho yako.

Na tafadhali usifute QBASIC.EXE kwa kudhani ni ya waandika programu tu. Kwenye MS-DOS 5 na 6, kihariri cha EDIT kinategemea faili hilo. Likiondoka, utataka kurekebisha CONFIG.SYS na huna cha kuifungulia.

Memori imetosha, sauti haitoki

Programu ikishawaka, malalamiko yanayofuata ni sauti. Hapa tatizo ni namba. Kadi ya sauti ya siku zile inahitaji anwani ya kuongea nayo, laini ya kumwita prosesa, ambayo ni IRQ, na njia ya kuhamisha data bila kumsumbua prosesa, ambayo ni DMA. Ule mstari wa SET BLASTER=A220 I5 D1 unasema kwamba kadi iko kwenye anwani 220, IRQ 5, DMA 1.

Mstari huo hauibadilishi kadi, unatoa taarifa tu. Namba zenyewe, kwenye kadi nyingi za mwanzo, zimewekwa kwa jampa, vile vipande vidogo vya plastiki vyenye chuma ndani ambavyo unavichomeka kwenye pini za kadi. Kadi ikiwa imewekwa 7 na mstari unasema 5, mchezo unasubiri wito ambao hautakuja. Dalili yake inajulikana: kipande kifupi cha sauti kinajirudia bila kukoma, au programu inaganda wakati wa kujaribu sauti. IRQ 7 ndiyo pia ya printa ya kwanza, LPT1, na kadi za kwanza za Sound Blaster, zilizotoka 1989, zilikuja zimewekwa hapo. Mara nyingi viliishi pamoja kwa amani, hadi vyote viwili vilipotakiwa kwa wakati mmoja. Kuhamia 5 kulimaliza tatizo kwa watu wengi.

Anayetumia DOSBox, programu inayoigiza kompyuta ya DOS, kwenye kompyuta ya leo anakutana na jambo hili kwa upande wa pili. Huko shida ya KB 640 karibu haipo, maana mausi, CD na sauti vinahudumiwa nje ya ile memori, na programu inakuta zaidi ya KB 600 ziko wazi. Lakini kadi yake ya kuigiza inatumia IRQ 7 usipoibadilisha. Mtu anayefuata kitabu cha 1994 na kuchagua 5 kwenye SETUP ya mchezo anabaki na ukimya. Chagua A220, I7, D1.

CD nayo ina kosa lake moja linalojificha. Angalia tena mistari niliyoandika juu: /D:MSCD001 iko katika CONFIG.SYS na iko tena katika AUTOEXEC.BAT. Ni jina ambalo draiva inajipa, na MSCDEX hulitafuta kwa herufi zilezile. Zikitofautiana hata kwa tarakimu moja, utaambiwa hakuna draiva ya CD, ingawa umeiona ikipakiwa sekunde chache kabla.

Ujumbe mwingine nitaupitia haraka. Bad command or file name maana yake DOS imetafuta programu kwenye folda uliyopo na kwenye zile zilizotajwa na PATH, yaani orodha ya folda za kutafutia, haikuiona. Chunguza AUTOEXEC.BAT, maana mstari wa amri una kikomo cha herufi 127 na programu zinazojiongeza kwenye PATH huukata bila huruma. Incorrect DOS version hutibiwa na SETVER, inayoijibu programu namba ya toleo inayotaka kusikia. Non-System disk or disk error, mara nyingi, ni flopi iliyosahaulika kwenye A. Itoe, bonyeza kitufe chochote.

Umebaki ujumbe mmoja, na huu huwakatisha tamaa watu waliofanya kila kitu sawasawa. Umehamisha DOS, umepandisha draiva, MEM inaonyesha KB 614, unaita programu ya zamani iliyokuwa ikiwaka vizuri jana, nayo inajibu Packed file is corrupt. Watu hutafuta flopi nyingine, wanaweka programu upya, wanapata jibu lilelile. Faili ni zima. Programu nyingi za miaka ya 1980 zilibanwa kwa EXEPACK ya Microsoft ili zienee kwenye flopi, na msimbo unaozifungua una hesabu inayotegemea ule mgeuko wa anwani wa 8088 iwapo programu imepakiwa ndani ya chumba 0. Zamani hilo halikutokea, kwa sababu chumba 0 kilijaa DOS yenyewe. Sasa umeihamisha DOS, chumba kiko wazi, programu imeingia humo, na lango la A20 limefunguliwa na HIMEM, kwa hiyo anwani hazigeuki tena. Kosa limeletwa na nafasi kuwa kubwa mno pale mwanzoni. DOS 5 na 6 zina amri kwa ajili ya jambo hili hasa, na DOSBox inayo pia. Inaijaza KB 64 ya kwanza ili programu ianzie juu yake. Unaitanguliza tu mbele ya jina la programu:

LOADFIX HESABU.EXE